Mgeni wa Same Atakula Nini?

Kuna swali dogo ambalo watetezi wa utamaduni wetu hawapendi kuulizwa, pengine kwa sababu lahusu tumbo, nao wamezoea kutetea mambo ya kichwa na ya miguu, yaani mashairi na ngoma. Swali lenyewe ni hili: mgeni ashukaye katika mji wa Same, akataka kula chakula cha Upareni, atakula nini, naye atakila wapi? Sisemi mji wa London wala wa Muscat. Nasema Same, makao makuu ya wilaya, mji ambao mtu akisimama sokoni na kuinua uso huiona milima yenyewe imemwinamia.

Jibu analijua kila utingo wa mabasi yapitayo barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha. Mgeni atakula chipsi na mayai. Asipotaka chipsi atapewa wali na kuku, au ugali na nyama ya kuchoma, na Ijumaa huenda akabahatika kukuta pilau. Akiamka alfajiri atapata supu na chapati, au mtori. Vyote hivyo ni vyakula vizuri, nami nimevila na kushiba. Lakini pilau imepanda kutoka pwani, mtori umeshuka kutoka Uchagani, chapati imevuka bahari kutoka Bara Hindi, na chipsi kila mtu ajua zilikotoka. Kilichotoka mlimani pale juu, mwendo wa saa chache kwa gari, hakimo katika orodha. Nami nadai kwamba jambo hili si dogo, tena si la bahati mbaya. Ni aibu ya taifa iliyovaa nguo ya mambo ya kawaida.

Tutazame kidogo wenzetu wa mbali ili tujione wenyewe. Kati ya mwaka 1970 na 1975 maelfu ya mafundi na wafanyakazi kutoka China walijenga, bega kwa bega na Watanzania na Wazambia, reli ya TAZARA yenye urefu wa kilometa 1,860 hivi, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Katika kambi zao porini walilima mboga zao na kupika chakula chao. Wapo waliowacheka kwa hilo. Mimi siwacheki. Mtu aliyetoka maelfu ya kilometa kwenda kutoboa milima ya watu kwa ajili ya watu, kisha jioni akataka ladha ya kwao, huyo ana akili timamu.

Siku hizi Wachina waishio Dar es Salaam ni wafanyabiashara na wahandisi, na ukiwadadisi juu ya kile tukiitacho sisi “chakula cha Kichina” watakucheka kwa adabu. Hawakijui kitu hicho. Kwao huhesabiwa mapishi makuu manane, kila moja na jimbo lake. Mtu wa Sichuan hutafuta pilipili kali pamoja na ile punje ya kwao inayotia ganzi ulimini, na asipoipata hujiona hajala. Mtu wa Guangdong hutaka samaki wa mvuke ambaye ladha yake haikufunikwa na viungo. Mtu wa kaskazini hutaka tambi na mikate ya ngano, maana kwao nafaka kuu ni ngano wala si mchele. Ukiwapa wote sahani moja ya wali wa kukaanga na kusema “karibuni chakula cha kwenu”, watakushukuru, kisha usiku watavuka jiji zima kumtafuta mpishi wa jimbo lao. Huko Marekani, kwa kuwa Wachina wengi wa kwanza kufika katika karne ya 19 walitoka Guangdong, wenyeji walidhani mapishi ya jimbo moja, tena yaliyopunguzwa makali ili yakubaliwe na ndimi zao, ndiyo mapishi ya taifa zima. Mchina wa Sichuan alihitaji subira ya miaka mingi kabla ya kupata haki yake mezani.

Au tuwatazame ndugu zetu wa Omani waliotoka Zanzibar, baadhi yao baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, na wengine baada ya mwaka 1970 Sultani Qaboos alipowakaribisha warudi. Wapo hadi leo wanaosema Kiswahili nyumbani, na majikoni mwao mna mandazi na mchuzi wa nazi, ingawa nazi yenyewe wengi wao huinunua dukani. Hao walivuka bahari na chakula chao kikavuka nao. Sisi tumeshuka mlima tu, na chakula chetu kimebaki juu.

Huenda msomaji akasema: kwani chakula cha Wapare ni nini zaidi ya makande? Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanza, kwa maana swali hilo ni sawasawa na la yule adhaniye kwamba China nzima hula wali wa kukaanga.

Milima ya Upare si kitu kimoja. Ina kilele cha Shengena, chenye zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na chini yake ina tambarare kavu ambayo mvua huipita kama mgeni mwenye haraka. Huko juu, Chome, Suji, Mbaga, Mamba na Gonja, kuna ndizi, maharage, magimbi, miwa, na tangawizi ambayo imeifanya Mamba Miamba ijulikane nchi nzima. Upande wa mashariki, chini kabisa, kuna mpunga wa Ndungu, Maore na Kihurio. Skimu ya Ndungu ilijengwa kwa msaada wa Japani mwishoni mwa miaka ya 1980, na mchele wake sasa ni chakula cha watu wa pale kwa haki. Upande wa magharibi, Makanya na Hedaru, wakulima huvizia maji ya mlimani na kuyahifadhi katika ndiva, yale mabwawa madogo ambayo wazee walijenga na kuyawekea zamu na sheria kabla ya mkoloni kuja, na kwa maji hayo huotesha mahindi na fiwi mahali ambapo jua lingependa pasiote kitu. Kaskazini, ambako tangu mwisho wa miaka ya 1970 ni Wilaya ya Mwanga, kuna Usangi na Ugweno, na Wagweno wana lugha yao isiyo Chasu. Na magharibi yao kuna perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu. Sasa niambie, mtu wa Ugweno, mtu wa Chome na mtu wa Kihurio, chakula chao kitaitwaje kwa jina moja pasipo kumdhulumu mmojawapo?

Na makande yenyewe, yanayotajwa kwa dharau kana kwamba ni kitu kimoja, si kitu kimoja. Yapo ya mahindi mabichi na maharage mabichi, ambayo huliwa kwa majuma machache tu ya mwaka, na ayakosaye husubiri mwaka mwingine. Yapo ya mahindi makavu yasiyokobolewa, magumu kiasi, yanayomtaka mlaji awe na meno na nafasi. Yapo ya mahindi yaliyokobolewa, meupe na laini, ya kumpa mgeni na mgonjwa. Badala ya maharage huwekwa kunde, au mbaazi, au fiwi, au njugu mawe, na kila mbadala hugeuza rangi ya mchuzi na harufu ya nyumba. Huliwa kwa maziwa ya mgando, huliwa kwa parachichi, huliwa asubuhi yakiwa ya jana pamoja na chai ya tangawizi. Na kwa maoni yangu, ambayo sitayaondoa hata nikishtakiwa, hayo ya jana ndiyo bora. Bado sijazitaja ndizi zilizopondwa na maharage, wala magimbi yaliyochemshwa na kumenywa yakiwa moto, wala mboga za majani ambazo majina yake ya Chasu vijana wetu hawayajui tena. Dengelua, pombe ya miwa, naitaja kwa ajili ya ukamilifu wa habari, kwa vile najua asomaye ni mwalimu na pembeni yake kuna mwanafunzi.

Basi huko mjini kuna mabango. Nimeyaona Dar es Salaam, na moja nimeliona Same kwenyewe, katika hoteli ambayo jina lake sitalitaja: “Makande ya Kipare”. Nikaagiza. Nikaletewa mahindi yaliyolainishwa kwa magadi hadi yakapoteza umbo, yamepakwa nyanya na karoti, na yakaungwa kwa tui la nazi. Makande ya nazi ni chakula kizuri cha pwani, nami sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na bango. Mnazi hauoti Mbaga. Mtu akiuza kanga na kuiita batiki, afisa biashara atamkamata. Lakini akiuza chakula cha Tanga na kukiita cha Upareni, hakuna sheria aliyoivunja, na wateja wanaondoka wakiamini wamekutana nasi.

Twapaswa kuuliza mambo yamefikaje hapa, maana kulaumu vijana ni kazi rahisi na kila mzee anaiweza.

Chakula husafiri na mtu anayekipika kwa kuuza. Guangdong ilifika Marekani kwa sababu watu wa Guangdong walifungua mikahawa. Mtori umefika kila mji wa Tanzania kwa sababu Wachaga walifungua maduka na baa, na baa hupika supu. Wapare tulitoka kwa mlango mwingine. Waadventista Wasabato walifika Giti mwaka 1903, Walutheri nao wakajenga vituo vyao mlimani, na Upare ikapata shule mapema. Tukashuka tukiwa walimu, makarani, wachungaji, mahakimu na wauguzi. Tulitoa watu wa kuandika, hatukutoa wapishi. Mshahara wa karani ulimtosha kula chakula cha mtu mwingine. Ndiyo sababu ukoo mmoja wa Upareni waweza kuwa na shahada tano na usiwe na sufuria moja ya biashara. Nayasema haya nikiwa mtumishi wa serikali, na naona kwa macho yangu tunavyoliendeleza: semina ikifanyika Same, yenye mada ya kukuza mila na desturi za wilaya, saa saba mchana huletwa wali, kuku, kabichi na soda. Wacheza ngoma waliotoka mlimani kutuburudisha nao hupewa wali, kuku, kabichi na soda. Kisha hotuba huendelea.

Wenye hoteli wana hoja yao, nayo yastahili kusikilizwa. Wanasema basi husimama kwa dakika chache, abiria ana haraka, makande huiva kwa saa nyingi. Hoja hii husikika kuwa ya busara mpaka mtu aipime. Chipsi ndizo zinazomtaka abiria asubiri, kwa sababu haziliki zikipoa na lazima zikaangwe akiwa amesimama pale. Makande huivishwa usiku na asubuhi hungoja. Huchotwa kwa upawa mara moja. Hakuna chakula kinachofaa abiria mwenye haraka kuliko kile ambacho haraka yake yote ilikwisha kumalizwa na mpishi jana yake.

Hoja ya kweli ni kuni, nao hawaisemi. Huko mlimani makande huteleka juu ya mafiga jioni, kuni nene mbili zikasukumwa kidogo kidogo, na chungu kikaachwa kijipikie watu wakilala. Mjini moto hununuliwa. Mkaa wa saa sita ni fedha nyingi, na bei ya mkaa hula faida yote. Ndipo magadi yanapoingia, yafupishe muda. Lakini magadi hupunguza vitamini za kundi B zilizomo katika nafaka na kunde, mbali na kuibadili ladha, kwa hiyo mlaji huibiwa mara mbili. Dawa ya jambo hili inajulikana na haina uchawi: kuloweka maharage na mahindi usiku kucha, kutumia majiko banifu, na siku hizi sufuria za kupikia kwa presha, ambazo hukata saa za moto kwa sehemu kubwa. Yule anayesema makande hayawezekani mjini hajajaribu kuloweka.

Sasa niligeukie jambo linaloniuma kuliko yote, na hapa nasema na walimu waziwazi.

Nani aliyemfundisha mtoto wa Tanzania kuyachukia makande? Hakuwa mkoloni. Ni shule ya bweni. Pipa la mahindi makavu ya ghala, yenye wadudu waliokwisha kuwa wenyeji, maharage ya mwaka juzi, chumvi, maji ya moto, na mpishi mmoja aliyeajiriwa kuwalisha mamia ya wanafunzi kwa jembe badala ya upawa: hicho ndicho tulichokipa jina la makande, na tukamlisha kijana siku kwa siku kwa miaka minne au sita. Kijana akaapa kwamba akimaliza mtihani hatayagusa tena hadi kaburini. Anacho kiapo chake na ana haki nacho. Lakini tumemdanganya jina. Tumechukua chakula ambacho bibi yake alikichagulia mbegu, akakitenga kwa msimu, akakipika kwa usiku mzima, tukakigeuza kuwa adhabu, kisha tunashangaa kwamba mtoto haoni fahari na utamaduni wake. Lau tungefundisha ushairi kwa namna hiyo, kwa kumfungia mtoto chumbani na kumtaka akariri beti zilizoliwa na mchwa, hakuna ambaye angeandika ubeti tena.

Wakati huohuo katika somo la sayansi kimu dada zetu walifundishwa kuoka keki ya mayai na siagi. Nawakumbuka wa rika langu wakipimiwa unga kwa gramu, katika kijiji ambacho siagi haikuwahi kufika dukani. Sipingi keki. Nauliza tu kama kuna mwanafunzi aliyewahi kupewa alama kwa kuivisha fiwi bila magadi, au kwa kueleza kwa nini mahindi na maharage yakiliwa pamoja hulisha mwili kuliko kila kimoja peke yake. Sababu yenyewe ni elimu safi: mahindi yana upungufu wa laisini, ambayo maharage yanayo kwa wingi, na maharage nayo hukamilishwa na mahindi katika lile wanalopungukiwa nalo. Bibi zetu hawakuijua laisini kwa jina, ila walijua mtoto anayenenepa. Mwaka 1975 nchi yetu iliendesha kwa redio kampeni kubwa ya “Chakula ni Uhai”, na watu walikusanyika katika vikundi vya kujifunza lishe. Kwa hiyo hakuna atakayeniambia kwamba dola haina kazi na chungu cha mtu. Ilikwisha kuwa nayo.

Hapa sina budi kugusa utani. Watanzania hutaniana, nasi Wapare twataniwa kwa mambo mawili: ubahili na kupenda kesi. Kesi naiacha mahakamani. Lakini ubahili umefungwa na makande: yasemekana Mpare hupika chungu kimoja Jumapili ili asiwashe moto tena hadi Alhamisi. Twacheka, na utani ni mali ya taifa letu, sitaki ufe. Lakini kila utani una siku ya kupimwa. Mlima usio na msitu mpya kila mwaka, mteremko ambao mwanamke hubeba kuni akiupanda, mvua isiyoaminika, hayo ndiyo yaliyofundisha watu kupika mara moja na kula siku mbili. Mataifa tajiri leo huandika vitabu juu ya kubana matumizi ya nishati na kutotupa chakula, na huwaita wafanyao hivyo watu wa maendeleo. Sisi tukifanya twaitwa wabahili. Ubaya ni kwamba kijana wa Upareni ameuamini utani huo, na akiwa na mgeni mjini huona haya kumpikia makande, akihofu kuonekana bahili, akaenda kununua kuku wa mkopo.

Najua watakaonijia na neno zito: ukabila. Watasema taifa hili lilijengwa kwa kuvunja kuta za makabila, na huyu mwandishi anataka tuanze kuhesabu vyungu. La hasha. Mwalimu Nyerere, alipotangaza Desemba 1962 kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, alieleza kwamba utamaduni huo ungejengwa kwa kutafuta yaliyo bora katika mila za makabila yote. Huwezi kuchagua lililo bora kutoka katika kitu ulichokiacha kioze. Ukabila ni kusema makande yangu yaliwe na mtori wako ufukuzwe. Mimi nasema mtori ubaki Same, na makande yaende Moshi, Songea na Bukoba, kama vile pilau ilivyoenda kila mahali bila kuulizwa kabila lake. Mtu aliyekula chakula chako kwa adabu ni vigumu kukuchukia, na ambaye hajui unakula nini ni rahisi kuamini lolote analoambiwa juu yako.

Wengine, wasomi hawa, watanijia kwa mlango wa historia. Watasema: mzee, hakuna uhalisi. Mahindi na maharage unayoyaita ya Upareni yalitoka Amerika, yakaletwa pwani yetu baada ya Wareno kufika. Parachichi nalo lilitoka hukohuko. Ndizi ilitoka Asia. Babu wa babu yako alikula mtama, ulezi na kunde. Kweli kabisa, na nashukuru kukumbushwa. Lakini pilipili ya Sichuan nayo ilitoka Amerika, haikufika China kabla ya karne ya 16, na hakuna mtu athubutuye kumwambia mpishi wa Sichuan kwamba mapishi yake ni ya bandia. Uhalisi haupimwi kwa pasipoti ya mbegu. Hupimwa kwa mkono uliojifunza, kwa udongo na maji, kwa msimu, na kwa mlaji ajuaye kutofautisha lililopikwa vizuri na lililopikwa vibaya. Chipsi mayai yenyewe, ile iliyomwagiwa yai ikawa kama mkate, ni uvumbuzi wa majiko yetu, nami niko tayari kuitetea mbele ya Mwingereza yeyote. Hoja yangu ni moja: asiyejua tofauti kati ya makande ya fiwi na ya kunde hana tena mizani ya kupimia, na mizani ikikosekana, mwenye bango ndiye huandika ukweli.

Hoja ya tatu huletwa na akina mama, nayo ndiyo ninayoiheshimu zaidi. Wanasema: ninyi wanaume mwasifu chungu cha usiku kucha, lakini ni nani aliyekuwa akitwanga kwenye kinu, akabeba kuni, akaamka saa tisa kusukuma moto? Wanasema kweli, na yeyote anayetetea chakula cha asili huku akiwa ameketi kungoja sahani hafai kusikilizwa. Mashine za kukoboa zipo, basi kinu kipumzike. Gesi na majiko banifu yapo, basi mgongo upumzike. Mvulana wa kidato cha pili aweza kuloweka maharage sawasawa na dada yake; maji hayachagui mkono. Ninachokitaka kibaki ni ujuzi: mbegu ipi, maji kiasi gani, chumvi itiwe lini, ndizi ipi ya kuponda na ipi ya kuivisha. Ujuzi huo umo vichwani mwa wanawake wenye umri wa miaka sabini na themanini, huko Chome na Suji na Vudee, na haujaandikwa.

Kwa hiyo nina maombi machache, yote yawezekana pasipo bajeti mpya. Walimu wa shule za sekondari za Same na Mwanga wawape wanafunzi kazi ya likizo ya Desemba: kila mmoja aandike mapishi matatu kutoka kwa bibi yake au jirani mzee, kwa Kiswahili, na majina ya mimea kwa Chasu au Kigweno, pamoja na jina la kijiji. Mwenye kutoka kabila lingine aandike ya kwao. Wamaasai wa tambarare wana yao, na Wasambaa wahamiaji wana yao. Wakuu wa shule wachague siku moja kwa mwezi ambayo makande yatapikwa kwa mahindi mapya yaliyolowekwa, kwa sufuria ndogo ndogo na kwa zamu za wanafunzi, badala ya pipa. Sisi wa ofisini tukiitisha semina, tumwagize mpishi chakula cha wilaya tuliyomo, tena tumlipe bei ileile tunayolipia kuku. Na huyo mwenye hoteli mwenye bango aandike “Makande ya Nazi”, ambayo ndiyo kweli, na pembeni afungue sufuria ya pili.

Siku ya soko akina mama hushuka kutoka mlimani na ndizi, maharage, magimbi na tangawizi, wakaviuza kwa jumla, vikapakiwa katika malori ya Dar es Salaam. Saa sita mchana, wakisubiri gari la kurudi juu, huona njaa. Huketi kando ya barabara na kununua chipsi.